Jicho Litulie Kwanza

Duka langu la vitabu vya vibonzo liko kwenye uchochoro mfupi nyuma ya Barabara ya Digo mjini Mombasa, na tangu nilipolifungua nimelizoea swali moja la wazazi wanaoingia na watoto wao: je, hapa hakuna vitabu vya maana? Huwa sibishani nao. Huwavutia kiti, nikawafungulia ukurasa mmoja mezani, kisha nikawaomba wautazame kabla ya kuuliza bei.

Ukurasa wenyewe hauna neno hata moja, na una fremu tatu tu. Katika ya kwanza mwanamke ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Katika ya pili kimebaki kikombe juu ya meza, na mvuke umekwisha. Katika ya tatu kuna kiti kitupu. Kati ya fremu na fremu mna ufito mweupe usiozidi upana wa punje ya mchele, na ni ndani ya ufito huo ambamo mwanamke yule alisimama na kuondoka. Mchoraji hakumchora akiondoka. Aliyemwondoa ni msomaji mwenyewe, kwa kuunganisha alichokiona na alichokikosa, na mzazi akishalitambua hilo huurudia ukurasa tangu juu bila kuambiwa.

Naamini kwamba watu wa Mombasa hawakupaswa kuhitaji somo hili, kwa sababu kila nyumba ina leso. Leso ina pindo, ina mji, yaani mchoro wa katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na anayeichagua pale Mtaa wa Biashara hutazama mchoro na kusoma jina kwa pamoja, akijua kwamba jina lile lile juu ya mji mwingine lingetoa ujumbe wa namna nyingine. Kibonzo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ukiyasoma maneno yaliyo ndani ya viputo na kuiruka michoro, umekosa sehemu kubwa ya kilichosemwa.

Jambo lililonistaajabisha zaidi dukani ni wepesi wa watoto wa madrasa katika kusoma vibonzo vya Kijapani. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na zamani wachapishaji wa Marekani walizoea kuzigeuza kurasa zake kama kwenye kioo ili wasomaji wao wasipotee, hata shujaa aliyeshika upanga kwa mkono wa kulia akageuka kuwa wa shoto. Hapa kwetu mtoto aliyefunzwa msahafu tangu utotoni hukifungua kitabu upande unaostahili bila kuelekezwa, kwani jicho lake lina njia mbili. (Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa zamani wa Mombasa, nazo zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu kabla ya kuchapishwa kwa hati za Kirumi, kwa hiyo njia hiyo si ngeni mjini humu.)

Wateja wangu wazee huja na kumbukumbu za Juha Kalulu, mhusika wa kibonzo ambaye Edward Gitau alimchora kwa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo. Kwao kibonzo ni kichekesho cha asubuhi, na sioni haja ya kuwapokonya furaha hiyo. Lakini huwaonyesha pia Maus, hadithi ya vibonzo ya Art Spiegelman, iliyopewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, ambamo anasimulia jinsi baba yake alivyonusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Wayahudi wakiwa wamechorwa kama panya na Wanazi kama paka. Wachoraji wengi huchora kwenye karatasi kubwa, kisha kazi hupunguzwa wakati wa kuchapisha, na mistari hujikaza ikawa safi. Spiegelman alichora kwa ukubwa ule ule wa kitabu, ndiyo maana mstari wake umebaki na mtetemo wa mkono, kama mwandiko wa mtu anayejiandikia mambo mazito usiku.

Kuvitunza vitabu hivi katika hewa ya bahari ni kazi ya kila siku. Karatasi ya bei nafuu hugeuka manjano kwa asidi iliyo ndani yake, na unyevu huharakisha uharibifu huo. Masika ya kwanza niliacha boksi moja sakafuni, karibu na ukuta, nikidhani kifuniko kinatosha. Nilipolifungua baada ya wiki kadhaa, zile pini mbili za chuma zinazoshika kurasa katikati zilikuwa zimeota kutu, na kutu hiyo ilikuwa imepenya hadi kurasa za ndani, doa la hudhurungi likipita katikati ya uso wa mhusika niliyempenda. Niliumia sana. Sasa rafu zote zimeinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, wala hakuna kitabu kinachokaa dirishani, kwa kuwa jua la hapa hufifisha rangi upesi.

Vitabu vile vya kutu sikuvitupa. Nilizing'oa pini, nikazitenganisha karatasi, na kila Jumamosi baada ya Alasiri vijana watatu wa mtaani huja kuziwekea karatasi nyembamba juu na kufuatisha mistari kwa brashi na wino. Juzi mmoja wao, binti wa miaka kumi na miwili, alikaa karibu saa nzima juu ya mkunjo mmoja wa shati, akijaribu kujua ni wapi mchoraji aliukandamiza mkono na ni wapi aliulegeza.