Ninavyopaka rangi kuta za ngazi za ghorofa

Katika nyumba nyingi za ghorofa hapa Kampala, ukuta unaoukabili ukishuka ngazi una kimo cha mita 5 hivi, na ndipo utamwona fundi rangi akipanga matofali chini ya mguu mmoja wa ngazi yake. Tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa taarifa. Mimi siweki hata la zege.

Ninachofanya ni kusimamisha miguu yote miwili ya ngazi ya kuegemeza kwenye kidato kimoja cha ngazi za jengo, kichwa chake kikiegemea ukuta ule wa mwisho, upande wa chini. Ngazi ikiteleza, mguu hurudi nyuma, mbali na ukuta. Hapa ukirudi unagonga uso wa kidato kinachofuata na kukwama. Ukiigeuza iegemee upande wa juu, miguu inabaki ukingoni na nyuma yake ni hewa tupu. Kipimo ni kile kile cha siku zote: kwa kila mita 4 kwenda juu, mguu ukae mita 1 kutoka ukutani. Vichwa navifunga matambara ili visichubue plasta.

Kabla ya hapo nafuta kidato kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi la msasa likichanganyika na udongo mwekundu wa viatuni, juu ya terazo au vigae, huteleza kama sabuni. Nailoni ya kukinga sakafu naitandika kwingine kote, si chini ya miguu ya ngazi.

Ukuta wa ubavuni hauhitaji ngazi ya pili vidatoni, unahitaji ubao. Nasimamisha ngazi ya kukunja kwenye sakafu ya juu, imefunguka kabisa, vipago, yaani sehemu zake za kukanyagia, vikielekea vidatoni. Kisha nalaza ubao wa inchi 12 kwa 2 kutoka kipago chake hadi kipago cha ngazi iliyoegemea, nikihakikisha kwa pimamaji kwamba umelala sawa. Nafasi kati ya ngazi mbili isizidi mita 2. Ikizidi, afadhali kukodi jukwaa la chuma. Kila ncha ichomoze sentimita 15 hadi 20 na ifungwe kwa kamba ya manila. Ncha ndefu kuliko hapo ni mtego: ukiikanyaga, upande wa pili unanyanyuka. Ubao wa paini wenye vifundo vikubwa katikati siukubali. Hata ulio safi naulaza kwanza juu ya matofali mawili sakafuni, tunaukanyaga watu wawili.

Juu napanda na kopo la lita 4 lililoning'inizwa kwa ndoano. Ndoo ya lita 20 ikijaa hupita kilo 25, ibaki chini. Umeme ukikatika ngazini pakawa giza, tunashuka.

Dari kwanza, kuta baadaye. Alama mbili zinazobaki pale vichwa vya ngazi vilipoegemea nazimalizia kwa rola ya mpini mrefu, miguu yangu ikiwa vidatoni.