Mwenye sinia

Juzi mjukuu wangu, huyu wa darasa la nne, alirudi shuleni shavu limemvimba. Alikaa kimya mpaka nilipomaliza kuswali magharibi, ndipo akaja kukaa mkekani. "Babu, mtu akikupiga kibao na huna kosa, unamrudishia?" Nikamwambia akanawe uso kwanza. Alipokwenda kunawa, mimi nilikuwa nimeshafika Tanga, ndani ya sinema ya Majestic, ubavuni kwa baba.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba hakuwa mtu wa sinema; picha za Kihindi alimwachia mama. Lakini likibandikwa tangazo la picha ya mwigizaji Sidney Poitier, alilipiga pasi ya mkaa shati lake jeupe kwa mkono wake mwenyewe, akanishika mkono tukaenda. Kwake alikuwa "yule kijana wa visiwani". Alijua kwamba alilelewa Cat Island, huko Bahamas, na wazazi waliolima nyanya. Kwamba aliingia New York akiwa na miaka 16, akaosha vyombo vya watu, na kwamba mhudumu mmoja mzee, Myahudi, ndiye aliyemkalisha usiku baada ya usiku akamfundisha kusoma kwa gazeti. Habari ya kuosha vyombo baba aliisimulia mara nyingi kuliko hata ile ya tuzo ya Oscar ya 1964, na Oscar ile hakuna mwigizaji mkuu mwanamume mweusi aliyekuwa ameipata kabla yake.

Siku hiyo ilikuwa In the Heat of the Night. Picha ni ya 1967, lakini sisi ilitufikia baada ya miaka, imechakaa, ina michirizi kama mvua. Poitier ni mpelelezi kutoka Philadelphia, amekwama katika mji mdogo wa Mississippi, anachunguza mauaji. Yeye na mkuu wa polisi wa pale wanakwenda kwa tajiri wa pamba, Mzungu, wanamkuta katika nyumba ya vioo anakootesha maua. Tajiri anagundua kwamba anayehojiwa ni yeye.

Hapo ndipo njugu zangu zilipomwagika. Niliinama kuziokota gizani, mkono mmoja umeshika kile kikaratasi cha gazeti, mwingine unapapasa sakafuni. Kwa hiyo sikuona. Nilisikia. Pa! Halafu, kabla mtu hajavuta pumzi: pa! Cha pili kilikuwa kizito kuliko cha kwanza. Sinema nzima ikanyamaza, nikasikia mtambo wa picha ukikereza kule juu. Kisha watu wakalipuka. Walisimama, wakapiga viti, miluzi, mtu mmoja nyuma yetu akalia kwa sauti, "Stelingi kamrudishia! Kamrudishia!"

Nilipoinuka, wa kwanza kumtazama alikuwa baba. Hakusimama wala hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa imeinuka kidogo juu ya magoti, viganja vimefunguka, vidole vimetulia, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike. Na macho yake hayakuwa kwa Poitier. Yalikuwa pembeni ya pazia.

Tulirudi kwa miguu. Tulikuwa tumeshaingia Ngamiani aliposema, "Ulimwona yule mwenye sinia?"

Sikumwona.

"Yupo mtumishi pale, mtu mweusi kama sisi, kabeba sinia la maji ya limau, kasimama anatazama. Poitier atapanda treni aende zake. Yule kesho asubuhi anaingia tena mle ndani."

Hakuongeza neno, nami sikuthubutu kuuliza. Iliyobaki alinipa shangazi, siku ya arobaini ya baba. Kabla ya Uhuru baba alikuwa boi wa meneja mmoja kwenye shamba la mkonge. Mchana mmoja, mbele ya wageni, meneja alimpiga kibao akiwa na sinia mikononi. "Halikumwagika hata tone," shangazi alisema. Mpaka leo sijui kama alisema kwa fahari au kwa uchungu.

Nilikuja kukiona kile kibao nikiwa mtu mzima, kwenye kanda ya video, na tangu hapo sikuacha kumfuata Poitier. Nilisoma kwamba mwaka 1959 yeye, mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walisaidia kuchangisha fedha za ndege ya mwanasiasa Tom Mboya iliyowapeleka vijana 81 wa Kenya kusoma Marekani. Na kwamba mwaka 1964 yeye na Belafonte walipeleka fedha Greenwood, Mississippi, kwa vijana waliopigania haki, wakafukuzwa usiku na magari ya Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi. Ndiyo maana picha ile ya Mississippi sehemu kubwa ilipigwa Sparta, Illinois, upande wa kaskazini. Hakutaka kurudi kule kusini. Hofu aliijua. Alipofariki Januari 2022, ana miaka 94, nilikaa barazani siku nzima, na nyumbani hawakuniuliza.

Jana usiku nilimwekea mjukuu. Kibao kilipopita, tajiri akamgeukia mkuu wa polisi: umeona? Utafanya nini? Mkuu wa polisi akajibu hajui. Nikahisi kama nimesemewa mimi, maana swali la mtoto bado nimelikalia.

"Rudisha nyuma, Babu."

Nikarudisha. Nilidhani anataka kibao. Akasogea mpaka pua ikaribie kugusa kioo, akaweka kidole pembeni.

"Huyu mwenye sinia, ana watoto?"

Nikaisimamisha picha.

"Anao," nikamwambia.