Uyoga wangu haung'ai, ila ni Ganoderma

Jumamosi nilikuwa Muheza kwa mama. Nyuma ya jiko kuna kisiki cha mwembe, na ubavuni mwake umeota uyoga mgumu kama ubao, mpana kuliko sahani, kahawia iliyopauka. Juu yake kumetanda unga kama kakao. Mama alidhani ni vumbi la barabarani. Kumbe ni spora, chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo. Chini hauna zile kuta nyembamba kama kurasa tunazoziona kwenye uyoga wa mboga, una vitundu vidogo mno. Nilipoukwaruza kwa ukucha, weupe wake ukageuka kahawia papo hapo.

Mwanzoni nilikataa kuuita Ganoderma, jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) ya uyoga mgumu unaoota kwenye miti. Jina hilo limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ngozi inayong'aa. Petter Adolf Karsten, mtaalamu wa uyoga wa Finland, alipoiunda jenasi hiyo mwaka 1881, msingi wake ulikuwa uyoga wa Ulaya, lucidum, unaometa kama umepakwa vanishi. Wangu umefifia kama chungu. Karsten mwenyewe, mwaka 1889, aliwatengea wa namna hii jenasi yao, Elfvingia.

Lakini mwaka huohuo Mfaransa Narcisse Patouillard, katika kuipanga Ganoderma, alizifuata spora badala ya mng'ao, na spora ndizo zilizoshinda. Jumatatu niliziweka chini ya hadubini ya shule. Jamani! Kila moja kama yai lililokatwa ncha, lina kuta mbili: ya ndani kahawia, imeota vijiti vidogo vinavyoishikilia ile ya nje isiyo na rangi. Nilirudia kutazama hadi shingo ikauma. Ni Ganoderma, na Elfvingia siku hizi wengi wanaihesabu humohumo.

Kinachoniudhi ni kuita kila kinachong'aa lucidum. Jirani yetu alinionyesha pakiti ya kahawa ya uyoga yenye jina hilo. Nikamwambia, "Shangazi, ule wa dawa unaolimwa China ulikwisha kutenganishwa na wa Ulaya. Tangu 2012 una jina lake, Ganoderma lingzhi." Akanitazama, akauliza, "Kwa hiyo humu ndani kuna upi?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hiyo, na pakiti haikuwa na jibu.

Kwenye bahasha ya sampuli yangu nimeandika: Ganoderma, Muheza, kisiki cha mwembe. Nafasi ya spishi nimeiacha wazi. Kwa macho na hadubini pekee siwezi kuapa.

Jana mama kapiga simu. Kisikini umechomoza mwingine, ukingo wake mweupe pe.