Mzee akipiga miayo mezani

Mgonjwa niliyemchoma ganzi ya mgongo simwachi akae kimya. Wenzangu hapa Mtwara hunitania kwamba chumba cha upasuaji nimekigeuza kijiwe. Waseme. Mashine zetu hazina waya wa kuchomeka kwenye ubongo. Kipimo changu cha kujua ubongo unapata damu ni mdomo wa mgonjwa.

Juzi alipanda mezani mzee wa Tandahimba, busha la miaka. Presha 168 kwa 98. Kidonge chake hakumeza asubuhi, aliambiwa "usile kitu" naye akatii yote. (Jamani, vidonge vingine vya presha humezwa kwa funda moja la maji hata siku ya upasuaji. Ulizeni kabla.)

Ganzi ikaingia, akalala chali, tukaingia mnada wa korosho na kangomba, wale walanguzi wa korosho. Dakika ya nne akapiga mwayo. Akapiga wa pili, mrefu. "Mwanangu, roho inanichafuka." Mashine inasoma 104 kwa 58.

Kijana wa mafunzo akaniambia, "Sista, mbona nzuri? Kama yangu."

Yako, sawa. Ganzi ile hulegeza mishipa ya damu ya tumbo na miguu, damu ikatuama huko, moyo ukakosa cha kusukuma. Ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na akiba hauna. Presha ikishuka, mishipa yake hujitanua ili damu isipungue, ila ina kikomo, na kwa aliyezoea presha ya juu kikomo hicho kimepanda. Wastani wa presha ya mzee (ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa tatu) ulikuwa 121, sasa 73. Mimi sipendi upungue zaidi ya moja ya tano. Kwake mwisho ni 97.

Miguu juu, oksijeni, dripu ikafunguliwa, efedrini, dawa ya kupandisha presha, kidogo kidogo mshipani, kupima kila dakika.

Wa nusu kaputi ndio hunikosesha raha, maana hawapigi miayo. Hao naikariri presha yao ya wodini, shingo sitaki ipindwe, na siwapumulishi kwa kasi: kaboni dayoksaidi ikipungua mno, mishipa ya ubongo hubana. Akikalishwa, kichwa kikawa sentimeta 20 juu ya mkanda wa presha, ninapiga hesabu ya kutoa kama 15 kwenye presha inayosomwa.

146 kwa 84. Mzee akafumbua macho.

"Nilikuwa nasema nini?"

"Kangomba, baba."

"Ehee! Wale watu..."