Mkate wa kumimina, mara ya tatu

Jumamosi nimeurudia tena mkate wa kumimina. Mara ya kwanza ulitoka bapa kama chapati. Mara ya pili niliuacha uumuke mpaka ukapanda, ukashuka, ukaanza kunuka uchachu. Mama akaonja, akasema, "Mwanangu, hii togwa ya kutafuna."

Safari hii nililoweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, asubuhi nikausaga kwenye blenda kwa tui zito, iliki na kijiko 1 cha chai cha hamira. Nilisaga mpaka nikiupikicha kwa vidole sisikii chenga. Sukari na ute wa yai nilitia mwisho, kama atiavyo Mama.

Kisha nikakaa jikoni kama mlinzi. Vipovu vilipotokea tu, nikamimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, moto mdogo. Vitundu vikafunguka juu kimoja kimoja, raha kutazama! Tanuri sina, nikaupalia makaa juu ya mfuniko.

Chini uliungua kidogo. Watoto wa dada wamekula hata pale palipoungua. Kipande changu nimekificha kwenye hotipoti, nasubiri chai ichemke.