Mikono ya shangazi ndiyo iliyonipeleka hospitali

Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi moja mwaka 2016 nilishika mkasi wa kukatia, vidole vikagoma kujikunja, vikalegea saa nne. Jirani akasema ni gauti, niache nyama. Nikaacha. Vifundo vikazidi kuvimba, kulia sawa na kushoto, hata pete ya ndoa ikatolewa kwa sabuni.

Diklofenaki nusura iniponze. Nikimeza nashona, gauni linatoka, mteja anafurahi. Kumbe dawa ile inatuliza maumivu tu, ndani mfupa unaendelea kuliwa. Mwezi wa nne wa maumivu hayo akaja shangazi, ambaye vidole vyake vimelala vyote kuelekea kidole cha mwisho tangu miaka ya 1990. Akanishika mkono, akaubonyeza. "Mwanangu, na mimi nilianza hivi hivi. Nenda kesho."

Daktari bingwa alibonyeza kifundo kimoja kimoja, akauliza: "Ukiamka, viungo vinakaza kwa muda gani?" Zaidi ya saa nzima, nikamjibu. Kipimo cha kingamwili za anti-CCP kikarudi chanya: baridi yabisi, kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti ikizidi, ilikuwa ya kawaida. Nyama niliacha bure!

Akanianzishia methotreksati, dawa ya kupunguza mashambulizi hayo ya kinga. Inamezwa mara moja kwa wiki, na ukikosea ukaimeza kila siku inaweza kukuua. Kwa hiyo niliandika IJUMAA kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo, nameza siku nyingine. Wiki za mwanzo sikuambulia kitu ila kichefuchefu cha Jumamosi, prednisoloni kidogo, dawa ya kushusha uvimbe haraka, ndiyo iliyonibeba. Kwenye wiki ya kumi hivi nikafunga kifungo cha blauzi bila kumwita mtu. Nikakifungua, nikakifunga tena.

Tangu hapo damu na ini vinapimwa kila baada ya miezi michache. Nilipotaka mtoto wa pili nilimwambia daktari mapema, akanibadilishia dawa kwanza, maana methotreksati inadhuru mimba.

Eksirei ya mwaka jana inaonyesha vidole vimenyooka. Kuna kijitundu kimoja kwenye kifundo cha kidole cha shahada, kilionekana tangu picha ya kwanza: kazi ya ile miezi minne. Hakijaongezeka. Kitambaa kizito kama jinzi nampa kijana wangu akate, vingine vyote nakata mwenyewe.