Natsume Yuujinchou msimu wa kwanza: wote wanataka kuitwa tu

Kuna kitendo kimoja kinarudiwa rudiwa kwenye huu msimu wa hii anime (katuni ya Kijapani) na mpaka leo sijakichoka. Natsume anafungua kile kitabu cha bibi yake, kurasa zinajipekua zenyewe mbio mbio kama zimepigwa na upepo, afu karatasi moja inasimama wima, anaichana, anaibana kwenye midomo, anakutanisha viganja paa! anafumba macho, anapuliza. Wino unabanduka kwenye karatasi, maandishi yanaelea hewani kama uzi mweusi na kuingia kwenye paji la uso la yule yokai (viumbe kama mizimu wa hadithi za Kijapani) aliyekuja kudai jina lake. Basi, jina limerudi kwa mwenyewe. Na jina linapoondoka linapita na kumbukumbu za huyo yokai, kwaiyo Natsume anaona siku ile bibi yake alipokutana naye, sauti zao, walichokuwa wanakula, kila kitu, afu anaanguka hapo hapo kwa uchovu mana hii kazi inamnyonya nguvu kweli kweli.

Mara ya kwanza niliiacha njiani, nasema ukweli. Nilikuwa nimetoka kuangalia anime za mapigano mfululizo, nikasimuliwa kuwa kuna kijana anaona yokai na ana kitabu chenye majina yao, na ukiwa na jina la yokai unaweza kumwamrisha chochote na hawezi kukataa. Nikajua tayari, huyu ataita jeshi la mizimu na litawaka. Nikakaa nasubiri hilo jeshi, episodi ya kwanza ikaisha, kijana anarudisha jina, analia, mwisho. Nikafunga. Imepita miaka ndo nikairudia, usiku mmoja usingizi umekataa kabisa, nikasema ngoja niangalie kitu kisichokuwa na makelele, na nilipofika episodi ya pili nikawa nimekaa kitako kitandani taa imezimwa machozi yananitoka kwa ajili ya kimungu kidogo cha umande. Tutafika hapo.

Kwa ambaye hajui: hii imetoka kwenye manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya Midorikawa Yuki, na anime ilianza Julai 2008 chini ya studio ya Brain's Base, mwongozaji Omori Takahiro, episodi 13 tu. Natsume Takashi ni yatima, kazunguka kwa ndugu mmoja baada ya mwingine tangu mdogo, kila nyumba wanamchoka mana anaona vitu ambavyo wengine hawavioni, anapiga kelele ghafla, anakimbia hovyo, wanamuita muongo. Sasa hivi anaishi kwa akina Fujiwara, mtu na mke wake, ndugu wa mbali upande wa baba, kijijini huko milima na mito na mashamba ya mpunga (mandhari imechukuliwa Hitoyoshi, mkoa wa Kumamoto, na kweli ukiangalia picha za kule unaona kabisa ndo penyewe). Bibi yake, Reiko, aliyefariki akiwa bado kijana, naye alikuwa anaona yokai. Alikuwa anawatafuta, anawapa changamoto, anawashinda, anachukua majina yao anayaweka kwenye daftari aliloliita Yuujinchou, yaani daftari la marafiki.

Hapo kwenye hilo jina la daftari ndo naomba tukae kidogo.

Watu wengi wanamuona Reiko kama msichana mkorofi fulani hivi aliyekuwa anawachapa mizimu kwa kujifurahisha, na ni kweli alikuwa mkorofi, ila angalia vizuri hizo kumbukumbu zinazotoka kila jina likirudishwa. Huyu binti binadamu wenzake walikuwa wanamkwepa. Hana mtu wa kuongea naye, kwaiyo anaenda msituni, anamkuta yokai amejikalia peke yake, anaanza kumchokoza, cheza na mimi, ukishindwa nachukua jina lako. Na yule yokai anashindwa, anatoa jina, afu anaahidiwa kwamba nikikuita uje. Sasa fikiria upande wa yule yokai. Alikuwa hajawahi kuongea na binadamu, pengine miaka mia, ghafla ametokea mmoja anayemuona, amecheza naye, kamuachia kauli kwamba nitakuita. Akakaa kusubiri. Reiko hakuita. Hakuwaita karibu wote, aliwakusanya tu afu akafa, na wao hawajui hata kama amekufa, wanakuja kwa Natsume wanamuita Reiko kwa jinsi wanavyofanana sura, wanasema Reiko rudisha jina langu.

Hishigaki, yule wa episodi ya kwanza mwenye jicho moja kubwa anayetisha, anakuja kwa hasira anataka kumla mtu kabisa. Unajua alichokuwa anadai ni nini ukichimba chini? Siku moja alikuwa na njaa, Reiko akampa manju, akakaa naye. Ndo kitu pekee. Kipande cha andazi na mtu wa kukaa pembeni yako, afu miaka yote hiyo uko msituni unasubiri kuitwa. Mimi naona ile hasira yake yote haikuwa ya kunyang'anywa jina, ilikuwa ya jina kuchukuliwa na halafu lisitumike. Hiyo ndo kauli yangu juu ya huu msimu mzima na nimeuangalia sasa mara tatu, sijaibadilisha: hawa viumbe hawaji kudai uhuru wao, wanakuja kwa sababu hawakuitwa.

Sasa Tsuyukami. Episodi ya pili. Huyu zamani alikuwa yokai wa kawaida tu kajibanza kwenye kibanda cha ibada kilichoachwa, siku moja mtu akapita akaomba mvua, na kesho yake kwa bahati mvua ikanyesha, watu wakaanza kuja kuabudu wakampa na jina la mungu wa umande. Kadiri walivyokuwa wengi yeye akawa mkubwa mwenye nguvu. Afu miaka ikaenda, watu wakapungua, na yeye akawa anapungua umbo mpaka tunapokutana naye ana ukubwa wa kukaa kwenye kiganja. Kabaki muumini mmoja tu, bibi kizee anaitwa Hana, anakuja na sadaka yake anasali anaondoka. Bibi hamuoni. Na yeye kila siku anakaa pale pembeni ya sadaka anamtazama. Hana anaumwa, Hana anafariki, na Natsume anaelewa maana yake ni nini, anamwambia basi mimi nitakuabudu, nitakuwa nakuja. Na kile kimungu kinamjibu kwa upole kabisa kwamba hapana, haiwezekani, wewe ni rafiki yangu.

Nilisimamisha video pale. Mana angalia, angeweza kukubali, angeishi. Kakataa kumgeuza rafiki kuwa muumini. Afu anang'aa taratibu anapotea, na muziki wa Yoshimori Makoto ule wa kinanda hausukumi chochote, haukulazimishi ulie, unakuacha tu na ule mwanga na ile nafasi iliyobaki tupu. Anime nyingi hapo zingeleta vinanda mia na mtu kupiga ukelele angani. Hii ikakaa kimya, na mimi naamini kwa dhati ukimya ule ndo unaouma.

Episodi ya sita nayo, ya mbayuwayu. Kuna kijiji kilichozamishwa na bwawa miaka mingi nyuma, mwaka huo ukame umekausha maji nyumba zimeonekana tena, na yokai waliokuwa huko chini wametoka. Mmoja ni Tsubame, yaani mbayuwayu, ambaye akiwa kinda alianguka kutoka kwenye kiota, binadamu akamuokota, na kwa sababu amebaki na harufu ya binadamu wazazi wake hawakumrudia tena. Yeye hamchukii binadamu hata kidogo. Anataka kumuona mara moja tu mwanaume mmoja aliyemfanyia wema enzi zile kijiji kipo. Natsume anahangaika, anaenda kwenye tamasha la yokai kushindania yukata (vazi jepesi la Kijapani) ambayo ukivaa unaonekana kama binadamu kwa usiku mmoja, anaipata, anampa. Na anime haituonyeshi walivyokutana! Inatunyima kabisa. Tunakuja kumuona yule mzee baadae anamuonyesha Natsume picha, anasema kwenye tamasha alikutana na binti, na kwenye ile picha yuko Tsubame anacheka. Maji yamesharudi, kijiji kiko chini tena. Mimi kuna watu nimebishana nao wanasema wameibiwa sini, walitaka kuona maongezi. Hapana jamani. Ile picha ndo maongezi yenyewe, Natsume alimpa yule binti usiku mmoja na hakwenda kuchungulia, na sisi tunakaa pale pale alipokaa Natsume.

Ya nane ya kimulimuli sitaisimulia yote, inanishinda. Mwanaume aliyekuwa anaona yokai, akapendana na mmoja, siku moja uwezo wake wa kuona ukaisha ghafla, na yule mwanamke ameendelea kukaa pembeni yake miaka bila mwanaume kujua. Anaamua kurudi kuwa kimulimuli wa kawaida, mdudu, anayeishi muda mfupi kabisa, kwa sababu mdudu anaonekana. Hayo tu yanatosha.

Sio kwamba msimu mzima uko hivi vizuri muda wote. Zile za Natori, yule mwigizaji anayefukuza yokai mwenye ile alama ya mjusi inayotembea mwilini, kwangu ni za kawaida, zinafungua njia ya mambo ya mbele zaidi kuliko zenyewe kusimama, japo uhusiano wake na Natsume unakuja kunoga misimu ya baadae. Na Nyanko-sensei, yule yokai mwenye umbo la paka anayemlinda Natsume, aisee, Inoue Kazuhiko anamuigiza kwa sauti ya mlevi mnene mvivu na sekunde inayofuata amegeuka Madara, mnyama mkubwa mweupe, sauti ile ile imeshuka chini na unasikia kabisa kwamba huyu kaishi karne nyingi. Walikubaliana mwanzo kabisa kwamba Natsume akifa kitabu kinakuwa chake, kwaiyo anasema anamlinda ili asubiri afe. Anasema hivo. Wewe angalia anavyomfuata nyuma usiku.

Kitu nilichokuja kukiona mara ya tatu tu, na ndo kimenifanya niandike hii posti usiku huu badala ya kulala, ni hiki. Yokai wanamuita Reiko kwa makosa. Wakishajua wanamuita Natsume. Nyanko-sensei anamuita Natsume, shuleni akina Nishimura na Kitamoto wanamuita Natsume, Natori Natsume, hata Tanuma, yule mtoto wa kuhani wa hekalu ambaye naye anahisi kidogo mambo haya. Hilo ni jina la ukoo. Huyu kijana anayezunguka milimani akirudisha majina ya watu kwa pumzi yake mwenyewe mpaka anazimia, jina lake mwenyewe halitajwi. Afu anarudi nyumbani jioni, matope mpaka magotini, kajikwaruza, ana uongo wake tayari wa kuelezea alikuwa wapi mana wale wazee hawajui chochote na hataki wajue. Anavua viatu mlangoni. Na kutoka jikoni mama Touko, yule mke wa Fujiwara, hajageuka hata, mikono iko kwenye vyombo, anaita kwa sauti ya kawaida tu kama ya kila siku: Takashi-kun, umerudi?